Mke wa Mtu Sebuleni Kwangu

Mona Lisa wa kwenye mwavuli wangu ana kengeza. Mwavuli ukiwa umefungwa huwezi kujua. Ukiufungua, vyuma vinavuta kitambaa, jicho moja linaelekea Ubungo na jingine Mbagala, na lile tabasamu lililoandikiwa vitabu linapanda upande mmoja mpaka karibu na sikio. Nilimnunua kwa sababu hiyo hiyo. Muuzaji alikuwa ametandaza miavuli ya maua na ya nembo za timu, huyu amemsukumia chini kabisa ya rundo. Nilipomwambia nataka huyo huyo, aliipokea noti yangu, akaiinua juani na kuitazama pande zote mbili.

Sharti la mkusanyo wangu ni moja tu: Mona Lisa awe amekosewa. Aliyechapwa sawasawa simtaki hata nikipewa bure. Anayetaka kumwona alivyo aende Paris, aingie makumbusho ya Louvre, afuate vibao hadi Salle des États, apange foleni, halafu anyanyue simu yake juu ya vichwa vya watu walionyanyua simu zao. Huko atakuta ubao wa mpopla wa sentimita 77 kwa 53 nyuma ya kioo kisichopenya risasi. Ukuta wa mbele yake umebeba Karamu ya Harusi ya Kana ya Veronese, yenye upana wa karibu mita 10, na umati mzima umeigeuzia mgongo ile harusi na vyakula vyake vyote. Mpwa wangu anayesoma Ufaransa alinitumia picha aliyopiga pale kwa juhudi kubwa. Zinaonekana simu, vipara viwili, na kwa mbali kona ya fremu. Niliichapisha siku hiyo hiyo. Kama kuna Mona Lisa aliyekosewa, ni yule.

Wengine karibu wote wamenifikia kwa njia mbili. Ya kwanza ni mitumba. Mtu wa Hamburg au Toronto alitembelea Paris, akanunua fulana ya kumbukumbu, ikaanza kumbana tumboni, akaitumbukiza kwenye sanduku la misaada, na belo likaja kufunguliwa soko la Karume. Njia ya pili ni maduka ya Kariakoo, yanakoshushwa makontena ya bidhaa ambazo kiwanda kimezichapa kwa wino wowote uliobaki. Leonardo da Vinci alifariki mwaka 1519. Hakuna wa kudai haki ya picha yake, wala wa kupita viwandani kukagua ubora. Kila mwenye mashine anamchapa anavyojaliwa.

Ndiyo maana ninaye wa kwenye chupa ya chai ambaye mkono wa chupa umempitia mdomoni. Ninaye wa kava la simu ambaye tundu la kamera limemtoboa paji la uso. Soksi zake zilibuniwa na mtu ambaye hajawahi kuvaa soksi, kwa sababu uso wote umeangukia kisiginoni. Wa taulo amevutwa kwa upana mpaka mashavu yamejaa. Mke wangu alipomcheka nilimkumbusha kwamba Fernando Botero wa Kolombia alimchora Mona Lisa mnene mwaka 1959, na Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York wakamnunua. Mke wangu akaniuliza kama wale wa New York nao humwanika kwenye kamba.

Mke wangu, kwa jumla, ni mwanamke mvumilivu. Ametunga sheria moja: chumbani haingii. Sebuleni sawa, jikoni sawa, bafuni kwa taulo sawa, lakini chumba cha kulala kina mke mmoja na nafasi imeshajazwa. Nilijaribu kumweleza kwamba Napoleon, alipokuwa mtawala wa Ufaransa, alimtundika Mona Lisa chumbani kwake katika jumba la Tuileries. Akajibu kwamba Napoleon aliishia kumpa Josephine talaka, na kama nataka kufuata nyayo zake niseme mapema ili ajipange.

Sikusema. Siku zile tulikuwa na mgeni, na mgeni mwenyewe alikuwa mama mkwe kutoka Korogwe.

Mtu mzima akiingia nyumba ya mkwewe haulizi maswali siku ya kwanza. Anakula, anashukuru, anaangalia. Mama mkwe aliangalia mto wa kochi. Akaangalia trei ya chai, akaangalia kalenda ukutani, akaangalia chupa ya chai, ambayo kwa bahati mbaya mdomo haukuonekana. Akachukua kitambaa cha kufunikia televisheni akakikunjua kidogo, akakuta ni yule yule. Siku ya pili, baada ya kifungua kinywa, akaniita. Nikakaa kwenye kigoda karibu na mlango, mahali ambapo mkwe anatakiwa kukaa.

“Baba Neema.”

“Naam, mama.”

“Huyu mama ni nani?”

“Ni picha tu, mama. Anaitwa Mona Lisa.”

“Ni wa ukoo wenu?”

“Hapana, mama. Ni Mwitaliano. Wa Florence.”

“Ana mume?”

Swali likanipata nimejiandaa. Nikamweleza kwamba kwa jina la nyumbani ni Lisa Gherardini, kwamba alizaliwa mwaka 1479, akaolewa na Francesco del Giocondo, mfanyabiashara wa hariri, akamzalia watoto, na kwamba ni mwanamke aliyejiheshimu maisha yake yote. Nilidhani habari hizi zitamtuliza.

“Kwa hiyo ni mke wa mtu,” alisema.

“Ndiyo, mama.”

“Na huyo mume wake anajua kwamba unamlalia kwenye mto?”

Jikoni kulisikika mfuniko wa sufuria umeanguka, halafu mtu anakohoa kwa muda mrefu kuliko kawaida. Mimi sikuwa na jibu. Mama mkwe akaugeuza mto, uso ukaelekea chini. Akaeleza kwamba hana neno, ila hawezi kula huku akitazamwa. Tangu jana kila akipeleka tonge kinywani, yule mama anamfuatia kwa macho.

Hapo nilipata nafasi ya kujitetea kisayansi. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bielefeld, Ujerumani, waliwaonyesha watu picha ile wakapima macho yanaelekea wapi. Wakakuta hayakufuati hata kidogo. Yanapita pembeni yako, upande wa kulia, kwa nyuzi kama 15. Nilimweleza mama mkwe taratibu, nikitumia mkono kuonyesha nyuzi 15 ni kiasi gani. Alinisikiliza. Akaugeuza mto tena, uso juu, akakaa sawa mbele yake, akapima kwa jicho, kisha akageuka kuangalia upande wake wa kulia.

“Kumbe anaangalia kabati la vyombo,” alisema. “Basi Mama Neema alifunge. Sahani zile ni za wageni.”

Mchana huo, akiwa anachambua mchele, alinirudia na swali lililonifanya nimheshimu zaidi ya wahakiki wote niliowahi kuwasoma. Aliuliza: huyo mfanyabiashara wa hariri, aliyetoa kazi mkewe achorwe, picha yake alipewa?

Hakupewa. Hapo ndipo ilipo hadithi nzima, na inashangaza kwamba vitabu vingi vinaipita haraka. Leonardo aliianza kazi hiyo Florence karibu mwaka 1503. Oktoba ya mwaka huo karani mmoja wa mji, Agostino Vespucci, aliandika pembezoni mwa kitabu chake kwamba Leonardo anachora kichwa cha mke wa Giocondo. Maandishi hayo yaligunduliwa katika maktaba ya Heidelberg mwaka 2005. Miaka ikapita. Leonardo akahamia Milano, akaenda Roma, mwaka 1516 akaitikia mwito wa Mfalme Francis I akahamia Ufaransa, na anavyoaminika, picha alikuwa nayo safari yote. Akafia kule Amboise mwaka 1519 bila kuikabidhi, na mwisho wake ikawa mali ya mfalme. Mtanzania yeyote aliyewahi kumpelekea fundi cherehani kitambaa cha Idi, akaambiwa njoo Jumatano, akaja Jumatano akakuta duka limefungwa na fundi yuko Morogoro, na baadaye akaliona gauni lake barabarani limevaliwa na mtu mwingine, huyo anamfahamu Leonardo da Vinci kuliko profesa wa sanaa.

Mama mkwe hakuonyesha mshangao. “Alilipa kianzio?” aliuliza. Nikamwambia hakuna risiti iliyoonekana. Akapepeta mchele. “Mafundi,” alisema.

Na mimi nina fundi wangu. Kijana huyu ana studio ya picha na fremu maeneo ya Magomeni, na nilimpelekea Mona Lisa kwenye flashi, nikaomba anichapie saizi ya ukutani. Nilitegemea makosa madogo, rangi kuzidi au fremu kukaa upande. Niliporudi alinikabidhi kazi imefungwa kwa nailoni, yeye mwenyewe akiwa na furaha ya mtu aliyekupita matarajio.

“Mzee, huyu mama alikuwa hana nyusi,” alisema. “Nimemwekea.”

Alikuwa amemwekea. Nyusi mbili nyeusi, zimechongwa, zimepanda mwishoni. Mwaka 2007 mhandisi Mfaransa aitwaye Pascal Cotte alitangaza kwamba kwa kamera maalumu aliyoibuni mwenyewe ameona alama ya unywele mmoja wa nyusi, na magazeti ya dunia yakaandika. Kijana wa Magomeni alitoa jozi nzima kati ya adhuhuri na alasiri, na hakunitoza nyongeza.

“Na nyuma palikuwa na ukungu, mzee. Nimeutoa.”

Ule ukungu Leonardo aliupaka kwa miaka, tabaka juu ya tabaka, nyembamba kiasi kwamba wanasayansi waliozipima mwaka 2010 walizitaja kwa mikromita. Waitaliano wanauita sfumato, na ni mojawapo ya sababu watu wanapanda ndege. Kijana aliufuta wote, akaweka maporomoko ya maji, mawaridi pande mbili, na kwenye kona njiwa mmoja ambaye sijui alitokea wapi. Uso alikuwa ameung'arisha kwa programu ile ile anayotumia kwa mabibi harusi. Mona Lisa alikuwa tayari kuingia ukumbini na kukata keki.

Nilimlipa nikamwongezea ya soda. Yule ndiye malkia wa mkusanyo wangu, na wageni wasiojua huniuliza ni shemeji yupi.

Si kila mtu ana ukarimu wa kijana yule. Mpwa wangu, yule wa vipara viwili, aliamua kunifurahisha kwa kunitumia kikombe kutoka duka la Louvre lenyewe. Ujumbe ulikuja kwamba kifurushi kimefika na nikachukue katika ofisi moja ambayo sitaitaja, kwa sababu bado natumaini kupokea vifurushi. Dada wa dirishani alichukua karatasi yangu, akaenda nyuma, akarudi na boksi dogo. Juu yake mpwa alikuwa ameandika jina langu kwa wino wa bluu uliofifia, na chini yake, kwa herufi kubwa nyeusi, mahali pa kutaja kilichomo, ameandika MONA LISA.

“Mwenye mzigo yuko wapi?” aliuliza.

“Ni mimi.”

Aliniangalia. “Wewe ndiye Mona Lisa?”

Nikaeleza kwamba Mona Lisa ndiye kilichomo. Akasema hawaruhusu kusafirisha watu. Nikacheka, nikijua ni utani. Haukuwa utani. Akataka kitambulisho cha Mona Lisa, au mwenyewe aje. Nikasema hawezi kuja, yuko Ufaransa, hasafiri tena. Mara ya mwisho kutoka nje ilikuwa 1974, alipoenda Tokyo na Moscow. Niliona anaandika 1974.

“Basi akutumie barua ya kukuruhusu kupokea.”

“Dada yangu, huyu alishafariki.”

“Pole.” Akaweka kalamu chini kwa adabu. “Lini?”

“1542.”

Kulikuwa na foleni nyuma yangu. Mzee mmoja akasema kwa sauti kwamba kama ni marehemu, hapo panatakiwa barua ya usimamizi wa mirathi. Dada akaafiki. Mama mwingine akashauri nianzie serikali ya mtaa alikokuwa anaishi. Mjadala wa mirathi ya Lisa Gherardini ukapamba moto dirishani, kila mtu akieleza yaliyompata alipofuatilia ya baba yake, mpaka msimamizi akatoka ndani, akakata boksi kwa wembe, akatoa kikombe, akakigeuza, akakirudisha. “Ni kikombe,” alisema, akarudi ndani.

Mkono wa kikombe ulikuwa umekatika. Sikusikitika, kwa maana kikombe kizima nisingeweza kukiingiza kwenye mkusanyo. Tena vikombe vya pale vina historia. Mwaka 2009 mgeni mmoja, mwanamke kutoka Urusi, alimrushia Mona Lisa kikombe ambacho magazeti yaliripoti kwamba alikinunua kwenye duka la makumbusho hayo hayo. Kikombe kikavunjika kwenye kioo, picha haikuguswa. Tangu hapo wengine wamempaka keki, mwaka 2022, na kumrushia supu, mwaka 2024. Kuna siku nadhani mapishi yote ya Ulaya yatapita pale.

Nikifikiria mimi nilivyohangaika kutoa kikombe kimoja dirishani, roho inaniuma ninaposoma jinsi yeye mwenyewe alivyotolewa. Jumatatu ya tarehe 21 Agosti 1911, Louvre ikiwa imefungwa kwa usafi, Mwitaliano Vincenzo Peruggia, aliyewahi kufanya kazi mle ndani, alimtungua ukutani, akavua fremu na kuiacha ngazini. Alipofika mlango wa kutokea akaukuta umefungwa. Akang'oa kitasa, haukufunguka. Akapita fundi bomba wa makumbusho, akamwona mfanyakazi mwenzake amekwama, akamfungulia. Hakuulizwa barua wala mirathi. Siku nzima hakuna aliyegundua. Kesho yake mchoraji Louis Béroud alikuja kufanya kazi yake, akakuta misumari mitupu, na mlinzi akamwambia atakuwa amepelekwa kupigwa picha. Polisi walimhoji Picasso, wakamweka ndani mshairi Apollinaire siku kadhaa, na huku mama wa watu yuko sandukuni chumbani kwa Peruggia, mle mle Paris, zaidi ya miaka miwili, mpaka Desemba 1913 jamaa alipompeleka Florence kumuuza akakamatwa.

Wezi wa kwetu ni watu wa namna nyingine. Walituingilia usiku wa mgao wa umeme. Wakachukua televisheni, wakachukua pasi, mtungi wa gesi na jiko lake, wakachukua kandambili zilizokuwa mlangoni. Mona Lisa hawakumgusa hata mmoja. Mwavuli waliuhamisha ili wapitishe mtungi, kisha wakaurudisha ulipokuwa. Na kile kitambaa cha kufunikia televisheni, chenye Mona Lisa wa rangi ya zambarau, walikitoa, wakakikunja mara nne kwa uangalifu, wakakiweka juu ya kochi. Mtu anakuingilia ndani na panga, gizani, ana haraka, na bado anapata muda wa kukuonyesha kwamba kitu chako hakitaki.

Mjumbe wetu alikuja asubuhi na daftari. Nikamtajia vilivyoibwa, akaandika. Kisha akatembeza macho ukutani, kwenye kochi, kwenye trei, akasimama mbele ya yule wa maporomoko na njiwa.

“Na hawa?”

“Wameachwa wote.”

Alinishika bega. “Pole sana, mzee,” alisema, na sauti yake ilionyesha kwamba pole ya televisheni alishaitoa, hii ilikuwa nyingine.

Louvre ilipofunguliwa tena baada ya wizi ule wa 1911, watu walipanga foleni kuangalia mahali patupu ukutani. Hata mwandishi Franz Kafka, aliyekuwa matembezini Paris, alienda. Nilikuwa nikiona hiyo ni ajabu ya Wazungu. Lakini Jumamosi ile ilikuwa siku ya watani wa jadi, Simba na Yanga, na majirani waliozoea kuja kwangu walikuja. Niliwaambia kilichotokea. Walisema pole, wakavua viatu, wakakaa wanapokaa siku zote, wakaitazama meza ya televisheni. Walikaa hivyo mpaka kipindi cha kwanza kikaisha, mmoja akiwa na redio ya simu sikioni akituhadithia. Nikawapa chai kwenye chupa yenye mdomo uliokatwa.

Baada ya hapo mke wangu alianza kutaja mnada. Chanzo ni mimi mwenyewe kumsomea habari za Raymond Hekking, Mfaransa aliyenunua nakala ya zamani ya Mona Lisa kwa muuza vitu vikuukuu kusini mwa Ufaransa miaka ya 1950, kwa bei ya kutupa, akaishi maisha yake yaliyobaki akiwaambia waandishi wa habari kwamba ya kwake ndiyo halisi na ya Louvre ndiyo bandia. Wataalamu hawakukubali. Lakini mwaka 2021 nakala hiyo iliuzwa na Christie's mjini Paris kwa euro milioni 2.9, ikiwa bandia vile vile. Mke wangu alinyamaza kidogo, akaipiga hesabu kwa shilingi, kisha kwa mara ya kwanza tangu tuoane akaupangusa vumbi mwavuli. Heshima hiyo ilidumu mpaka nilipomwonyesha tena zile soksi.

Sasa nije kwenye fulana, ambayo ndiyo hasara yangu kubwa, kama ni hasara.

Nilikuwa Karume siku belo limefunguliwa. Katika rundo la watoto na wakubwa pamoja nikaona jicho ninalolijua. Nikavuta. Ilikuwa fulana nyeupe, Mona Lisa kifuani, ana sharubu zilizosokotwa nchani na kindevu kidogo. Nilisimama nimeduwaa. Mwaka 1919 Marcel Duchamp, Mfaransa, alichukua kadi ya posta ya Mona Lisa akamchorea sharubu na ndevu kwa penseli, na kijikaratasi hicho kikawa miongoni mwa kazi zilizotajwa sana katika sanaa ya karne ya 20. Yaani mtu alimkosea kwa makusudi, mapema, kabla sijazaliwa. Na huyu hapa, kwenye rundo, kati ya jezi ya mpira wa kikapu na gauni la kulalia.

Muuzaji aliona nimeshikilia kitu kimya. “Mzee, hiyo ina dosari, sikufichi,” alisema. “Mtoto kaichora na peni. Chukua buku tano.”

Nilikuwa bado natazama.

“Na kidevuni kachora pia, nimeona. Basi tatu.”

Maneno hayakunitoka.

“Mbili, mzee, kwa ajili ya siku. Unaloweka na jiki inatoka yote.”

Sijawahi kuona bei ikishuka huku mnunuzi amefumba mdomo. Nikalipa, nikaondoka mbio kabla hajaanza kunilipa yeye.

Nyumbani mama mkwe alikuwa amerudi kututembelea. Fulana niliiweka kwenye kiti nikaenda kunawa, nikapitiwa na usingizi. Mama mkwe aliiona. Wakati huo yeye na Mona Lisa walishazoeana. Alishakubali kula mbele yake na hata kumsalimia asubuhi akifuta meza. Kumkuta mwanamke wa heshima, mke wa mtu, mama wa watoto, amechorewa ndevu na wahuni, kulimkera. Akajaza maji ndooni, akamimina jiki bila kupima, akaloweka.

Nilipoamka fulana ilikuwa kambani. Ilikuwa nyeupe inang'aa. Uso ulikuwa umekwenda, macho yamekwenda, mikono iliyopishana imekwenda pamoja na milima ya nyuma. Tabasamu halikuwepo. Zilibaki sharubu peke yake, nyeusi, zimesokotwa nchani, na chini yake kindevu. Wino wa Mona Lisa ulikuwa wa namna moja na wa ndevu ulikuwa wa namna nyingine, imara zaidi. Duchamp mwenyewe mwaka 1965 alitoa kadi yenye Mona Lisa wa kawaida, bila nyongeza yoyote, akamwita aliyenyolewa. Kumnyoa mwanamke ukabakiza ndevu halikumjia akilini.

Mama mkwe alikuwa amesimama kando ya kamba, mikono kiunoni. Mkwe hamfokei mama mkwe. Hata kuuliza kwa nini ni utovu wa adabu.

“Asante, mama,” nilisema.

“Zimegoma,” alisema. “Nimesugua mpaka vidole vinauma. Yeye mwenyewe ndiye aliyeondoka.”

“Ndiyo, mama.”

Akaisogelea, akaitazama kwa makini, kichwa upande, nyuzi kama 15.

“Huyu aliyebaki atakuwa mume wake. Yule wa hariri.”

“Inawezekana, mama.”

Mke wangu alitokea jikoni akiifuta mikono, akaona, akakaa chini pale pale kwenye ngazi akashindwa kusema. Mama mkwe aliichukua fulana kambani, akaikung'uta, akaikunja vizuri na kumkabidhi bintiye.

“Hii mweke chumbani,” alimwambia. “Huyu ni mwanamume, hana shida.”